The Riddle of the Sands: ugumu wake, saa zake, na jinsi ya kuisoma ukiwa Lamu

Riwaya ya Erskine Childers iitwayo The Riddle of the Sands ilitoka mwaka 1903, na huhesabiwa miongoni mwa riwaya za mwanzo za ujasusi kwa Kiingereza. Sifa yake nyingine ni kwamba inachosha. Wanaoiacha njiani hulalamikia bahari: kurasa na kurasa za maji kupwa, mafungu ya mchanga, nanga, tanga, na mashua iliyopwelewa ikingoja maji yarudi. Msomaji wa London au wa Nairobi hukatia tamaa hapo hapo. Msomaji wa Lamu hapo ndipo anapopumua, maana ugumu unaomngoja yeye uko kwingine kabisa.

Kisa kwa ufupi, bila kuvunja utamu. Carruthers ni karani kijana wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Septemba imemkuta bado yuko London, wenzake wote wameshaondoka kwenda mapumziko. Anapata barua ya Davies, waliyesoma pamoja chuoni, akimwalika kwenye mashua yake Dulcibella huko bahari ya Baltiki, eti wawinde bata. Davies ana lake moyoni. Amekumbwa na jambo la kutisha kwenye pwani ya Ujerumani, katika visiwa vya Frisia, naye anahitaji mwenzi anayekijua Kijerumani. Kilichobaki ni chako.

Hatua ya kwanza: pata nakala yenye ramani

Kitabu ni cha bure, tena kihalali. Childers alipigwa risasi Dublin Novemba 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ireland, na sheria ya Kenya hulinda hakimiliki kwa miaka 50 baada ya mwandishi kufa. Kinapatikana Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, na faili lake ni dogo. Kipakue mjini penye mtandao mzuri, kisha unaweza kusoma hata safarini kuelekea Faza au Kiunga bila kuhangaikia bando.

Tatizo ni ramani. Toleo la kwanza lilikuwa na ramani mbili na chati mbili za bahari, lakini nakala nyingine za bure zimeziacha au zimezipunguza hata hazisomeki. Usianze bila ramani. Kama huna, jichoree. Chini ya karatasi piga mstari wa pwani ya Ujerumani. Juu yake panga visiwa saba kutoka magharibi kwenda mashariki: Borkum, Juist, Norderney, Baltrum, Langeoog, Spiekeroog, Wangerooge. Kati ya Borkum na Juist tia nukta, hiyo ni Memmert. Kwenye pwani, mkabala na Langeoog, andika Bensersiel. Mashariki kabisa weka midomo ya mito mitatu, Jade, Weser na Elbe, na magharibi mto Ems. Karatasi hiyo ikunje iwe ndiyo alama yako ya ukurasa.

Na jambo moja zaidi: ukipata toleo lililochapishwa lenye utangulizi wa mtaalamu, uruke. Watangulizi wa vitabu vya zamani hudhani kila mtu ameshakisoma, na siri yote huimwaga ukurasa wa pili.

Hatua ya pili: pima ugumu, lakini usiziamini kanuni

Ukiuliza programu za mtandaoni kitabu ni kigumu kiasi gani, nyingi zitakupa alama iliyotokana na kanuni ya Rudolf Flesch ya mwaka 1948, au mtoto wake, kanuni ya Flesch na Kincaid ya mwaka 1975, iliyotengenezwa kwa ajili ya Jeshi la Wanamaji la Marekani. Zote mbili huhesabu vitu viwili tu: wastani wa maneno katika sentensi, na wastani wa silabi katika neno. Sentensi ndefu, ugumu. Neno refu, ugumu.

Sasa tazama kinachotokea kwa kitabu cha bahari. Maneno ya mabaharia wa Kiingereza ni mafupi kuliko yote: lee, luff, ebb, neap, kedge. Yote ni ya silabi moja, kwa hiyo kanuni inayaandika kuwa mepesi kabisa, na hayo ndiyo yanayomkwamisha mtu wa bara. Upande wa pili, neno kama administration lina silabi tano, nayo kanuni inaliona zito, ilhali aliyemaliza kidato cha nne Kenya analijua usingizini. Alama unayopewa imepinduka miguu juu. (Kwa Kiswahili kanuni hii ni kichekesho kitupu. Sentensi «Ninakupenda» ni neno moja la silabi tano. Ukiipitisha kwenye hesabu ya Flesch, ambamo 100 ni rahisi na 0 ni ngumu kupindukia, inatoka hasi 217.)

Kipimo cha kuaminika ni chako mwenyewe. Paul Nation, mtafiti wa msamiati, anakadiria kwamba ili mtu asome bila msaada anahitaji kujua kama asilimia 98 ya maneno yaliyo mbele yake. Kwa ukurasa wa maneno 300, hiyo ni maneno sita tu usiyoyajua. Basi fanya hivi: chukua ukurasa mmoja wa sura ya 1, mmoja wa sura ya 12, na mmoja wa sura ya 24. Usichague, fungua tu. Pigia mstari kila neno usilolijua. Ukipata sita au pungufu, soma moja kwa moja. Ukifika kumi na tano, utasoma, ila kamusi iwe karibu. Ukizidi ishirini katika kurasa zote tatu, nenda kwanza kwenye vitabu nilivyovitaja mwishoni.

Sura hizo tatu zina sababu. Ya kwanza ni Kiingereza cha mjini, cha bwana mdogo anayejidharau kwa maneno marefu na mzaha uliofichwa. Ya kumi na mbili ni bahari. Ya ishirini na nne ni mazungumzo ya watu wanaodanganyana kwa adabu. Mtu wa pwani akifanya jaribio hili, nadhani atashangaa kuona mistari mingi iko sura ya 1 na ya 24, si ya 12.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya saa

Riwaya ina maneno zaidi ya laki moja, sura 28 na hitimisho fupi. Mimi napiga hesabu kwa 110,000 ili nisijipe matumaini ya bure. Kila sura basi inafikia kama maneno 4,000, ingawa hazilingani.

Mwaka 2019 mtafiti Marc Brysbaert alikusanya tafiti nyingi za kasi ya kusoma, akapata kwamba mtu mzima anayesoma hadithi kwa Kiingereza kimoyomoyo huenda wastani wa maneno 260 kwa dakika. Hiyo ni kwa wenye lugha yao, na ni kwa maandishi ya kawaida. Kwa kasi hiyo kitabu kingeisha kwa saa saba hivi. Usijipimie kwa kibaba hicho. Weka saa ya simu dakika kumi, soma sura ya 2 kwa mwendo wako wa kawaida, kisha hesabu maneno ya mistari mitano, tafuta wastani, zidisha kwa idadi ya mistari uliyosoma, gawanya kwa kumi. Msomaji mzuri wa lugha ya pili mara nyingi ataangukia kati ya 100 na 180.

Ukipata 100, kitabu kizima ni saa 18 na dakika 20. Ukipata 130, ni saa 14. Ukipata 180, saa 10 na kidogo. Ongeza saa mbili za kukodolea ramani, kwa sababu huwezi kuzikwepa, tena ni sehemu ya raha.

Kasi ya 130 ina bahati yake: sura moja inakuwa kama nusu saa. Sura 28 na hitimisho ni vipande 29, sawa na siku za mwezi mwandamo. Ukianza mwezi unapoandama, utaanza na bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, utapita maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, utakutana na bamvua la pili katikati ya kitabu, mashua inapokuwa imeshaingia visiwani, kisha maji mafu tena. Si lazima, lakini anayekaa karibu na gati la Lamu atakuwa anayaona maji yale yale yanayozungumzwa, yakichelewa karibu dakika 50 kila siku kama yanavyochelewa kule. Ukiangukia Ramadhani, nusu saa baada ya tarawehe yatosha.

Hatua ya nne: kaa na nahodha kabla ya kukaa na kamusi

Hapa ndipo mtu wa Lamu ana mali ambayo haiko kwenye kamusi yoyote. Pwani ya Frisia, kwa mambo yanayohusu kitabu hiki, ni ndugu ya maji ya nyuma ya kisiwa cha Manda. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Yakipwa, mchanga hujitokeza karibu kutoka bara hadi visiwani, ikabaki mikondo myembamba inayopinda. Maji yanapojaa huingia nyuma ya kila kisiwa kwa ncha zote mbili yakakutana katikati, na pale yanapokutana ndipo pana kina kidogo kuliko pote. Chombo kinachotaka kupita hapo husubiri maji makuu, kisha huvuka upesi kabla hayajageuka. Mtu aliyewahi kungojea maji ili apite Mkanda, kati ya Manda na bara, ameshaelewa nusu ya siri ya riwaya hii, na simwambii ni nusu ipi.

Dulcibella yenyewe ilikuwa mashua ya kuokolea watu, ikageuzwa kuwa ya safari. Tumbo lake ni bapa, ikipwelewa hukaa juu ya mchanga bila kupinduka. Davies anairingia kwa hilo. Carruthers, aliyetarajia chombo cha kitajiri chenye mabaharia wa kumpigia saluti, anaona sanduku. Fundi yeyote wa majahazi wa Matondoni angekuwa upande wa Davies.

Kwa hiyo kabla ya sura ya 11, tafuta mzee mmoja aliyekuwa nahodha. Mwamkie, mpe nafasi ya kuzungumza, na muulize mambo manne tu: chombo kikikwama juu ya fungu maji yakipwa unafanya nini, njia usiyoiona unaitafutaje kwa upondo (mti mrefu wa kusukumia chombo) na bildi (kamba yenye uzito ya kupimia kina), usiku wa kiza unajuaje maji yamegeuka, na upepo ukija usoni unabisha vipi, yaani unaendaje mbele kwa kupindapinda, kwenye mlango mwembamba. Ukishasikia majibu, sura za 11 hadi 15 zitakuwa hadithi ya kawaida. Maneno machache ya Kiingereza yatakayobaki yaandike nyuma ya ile ramani: ebb ni maji kupwa, flood ni kujaa, springs ni bamvua, neaps ni maji mafu, lead ni bildi, kedge ni nanga ndogo inayopelekwa mbele kwa dau ili chombo kivutwe kutoka kwenye mchanga, na lee ni upande uliokingwa na upepo. Ukiwa na hayo saba, mengine yajifafanua yenyewe.

Hatua ya tano: elewa walichokuwa wakiogopa

Bila siasa ya wakati ule, kitabu ni vijana wawili wanaolowana. Ujerumani, chini ya Kaiser Wilhelm II, ilipitisha sheria za kujenga manowari nyingi mwaka 1898 na 1900. Mfereji wa Kiel, unaounganisha Baltiki na bahari ya Kaskazini, ulikuwa umefunguliwa mwaka 1895, na Davies na Carruthers wanaupita. Uingereza ilikuwa imezoea kumtazama Mfaransa kama adui. Childers alitaka kuwageuza Waingereza shingo.

Sasa ngoja ufike pale Davies anapolalamika kwamba Uingereza ilifanya ujinga kuwapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland, kinachoitawala pwani yao. Msomaji wa kawaida hupita. Wewe usipite, kwa sababu malipo ya Heligoland yako jirani yako. Katika mkataba wa 1 Julai 1890, Ujerumani ilipokea Heligoland, na kwa upande wake ikaiachia Uingereza Witu, usultani wa bara karibu na Lamu, iliyokuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani tangu 1885, na kuukubali ulinzi wa Uingereza juu ya Unguja. Watu wa Witu hawakuulizwa. Hata posta ya Wajerumani ilikuwapo Lamu, ilifunguliwa 1888 ikafungwa 1891, na nyumba yake ni makumbusho leo. Ukiipitia kabla ya kusoma, lile lalamiko la Davies litakuwa na sauti nyingine.

Na mwandishi mwenyewe? Huyu aliyewaonya Waingereza juu ya Mjerumani ndiye aliyetia bunduki zilizonunuliwa Ujerumani ndani ya mashua yake Asgard, Julai 1914, akazipeleka Howth kwa wapigania uhuru wa Ireland. Utakapomsoma Davies akisifu jeshi la majini la Uingereza, likumbuke hilo.

Hatua ya sita: usisome sura zote kwa mwendo mmoja

Sura za 1 hadi 3 zisome kwa mkao mmoja. Ni vichekesho: Carruthers na sanduku lake kubwa lisiloingia kwenye mlango wa mashua, na mwenyeji wake aliyevaa nguo chafu na kumbebesha vyombo. Kiingereza chake ni kigumu, basi usisimame kwa kila neno. Ukielewa kwamba anajicheka mwenyewe, umeelewa.

Sura za 4 hadi 6 ni za kuzoeana. Pita kwa mwendo wako.

Sura ya 7 isome mara mbili. Humo Davies anasimulia jinsi alivyoongozwa na chombo kingine kuelekea mafungu ya mchanga katika tufani, na kila kitu kinachofuata kimejengwa juu ya simulizi hilo. Mara ya kwanza soma kwa ajili ya hofu. Mara ya pili soma na chati mkononi, ufuate upepo unatoka wapi, mawimbi yanavunjika wapi, na yule kiongozi alikuwa mbele kwa umbali gani. Sura ya 8 ni hoja: Davies anasema yale anayoyashuku, na Carruthers anampinga. Hapa punguza kasi.

Kuanzia 11 hadi 15 wewe u nyumbani. Kisha 16 hadi 20 ni mtihani wa kweli wa subira. Kuna ofisa wa jeshi la majini mwenye tabasamu, kuna maswali yaliyovikwa ukarimu, na kuna Clara, ambaye mapenzi yake na Davies ni sehemu dhaifu ya kitabu, na sioni haja ya kumtetea mwandishi. Soma mazungumzo kama unavyosikiliza posa: usitazame linalosemwa, tazama linaloepukwa.

Sura ya 21 itengee usiku mzima ulio huru. Ukungu umefunika bahari, na wawili hao wanapiga makasia kwenda Memmert bila kuona kitu, kwa dira, saa na kipimo cha kina, wakipapasa ukingo wa mkondo. Hiyo ndiyo sura inayokiweka kitabu hai zaidi ya miaka mia baadaye. Usiikatize, na usiisome ndani ya basi. Sura ya 22 iunganishe nayo.

Baada ya sura ya 24 bahari inaondoka na treni zinaingia: Carruthers anasafiri bara, anarudi kwa siri, anahesabu saa za reli na majina ya vijiji. Watu wa pwani hukwama hapa, si kule mchangani. Dawa ni ile ramani uliyoichora. Kila mji unapotajwa, uweke. Sura ya 26 inarudia vitu vilivyotajwa zamani na kuviunganisha, basi ukiona umesahau, rudi bila aibu. Mbili za mwisho zitakwenda zenyewe, na hitimisho ni kavu kama ripoti, ila bila hilo hutajua hatari yote.

Ukisoma na wenzako, au kwa masikio

Kusoma kwa sauti ni polepole zaidi: Brysbaert alipata wastani wa maneno 183 kwa dakika, na mtu anayesoma barazani huku akiwatafsiria wasikilizaji hatazidi nusu ya hapo. Msijaribu kitabu kizima. Chagueni sura ya 7 na ya 21, na mumkaribishe yule nahodha. Atabisha kwamba Davies alikosea mahali fulani, mtabishana mpaka maghribi, na mtakuwa mmekisoma vizuri kuliko aliyekimaliza peke yake. Kusikiliza kilichorekodiwa ni saa 11 au 12 hivi, lakini majina ya Kijerumani hupita masikioni yakipotea, kwa hiyo sikiliza baada ya kusoma, si badala yake.

Kikikushinda

Kiache sura ya 8, si kabla. Aliyefika hapo na bado hajali ni nani aliyetaka kumzamisha Davies, hatakuja kujali.

Ukitaka cha zamani lakini chepesi, The Thirty-Nine Steps ya John Buchan, ya mwaka 1915, ina sura kumi na maneno kama elfu arobaini. Kwa kasi ya 130 ni saa tano na kidogo, na mbio zake ni za nchi kavu. Ukitaka ujasusi kwa Kiswahili, Willy Gamba wa Elvis Musiba anakungoja tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, na kwake risasi hazichelewi. The Secret Agent ya Joseph Conrad, ya 1907, usidanganywe na jina lake. Sentensi zake ni nzito kuliko za Childers, wala hakuna bahari ya kukusaidia. Hiyo iweke baada ya hiki, na kasi yako uipime upya kabla ya kuianza.